Zabibu ya Mto Loire kwenye Meza za Kahama na Geita

Uliye mezani, endelea na chai yako. Uliyetoka zamu ya usiku, jinyooshe kidogo, redio usiizime. Mazungumzo ya leo yanahusu mvinyo mweupe, na yanaanzia pale ambapo watu wengi wa ukanda huu wa dhahabu wa Shinyanga, Kahama na Geita hukutana na glasi yao ya kwanza: harusini.

Uone ukumbi wa sherehe pale Kahama. Michango imetimia, kamati imekaa mbele na sare zake, MC ameshika kipaza sauti. Anatangaza kwamba sasa ni zamu ya shampeni. Chupa inatikiswa, kizibo kinaruka, povu linamwagika, ukumbi mzima vigelegele. Je, msikilizaji, ile ni shampeni kweli? Mara nyingi siyo. Champagne ni eneo la Ufaransa, mashariki ya jiji la Paris, na kwa sheria za Ulaya jina hilo ni la mvinyo wa mapovu uliotengenezwa huko tu, hasa kwa zabibu za aina tatu: Chardonnay, Pinot Noir na Pinot Meunier. Chupa nyingi zinazofunguliwa kumbini kwetu ni kinywaji cha zabibu kilichotiwa gesi, kilevi hakimo hata tone.

Hapana aliyeumia. Bibi harusi amefurahi na picha zimetoka vizuri. Hata hivyo chupa ile inaacha swali mezani, nalo ndilo swali la leo: kwenye lebo, lipi ni jina la mahali na lipi ni jina la zabibu?

Wakulima wa mpunga wa Kahama na Shinyanga watalishika hili upesi kuliko wengine. Ukienda sokoni utakuta mchele wa Kyela, na utakuta Supa. Kyela ni mahali, Supa ni mbegu. Supa yaweza kulimwa Kyela, na yaweza kulimwa huku kwetu, na kila udongo ukatoa mchele wenye harufu yake. Mvinyo nao uko hivyo. Wafaransa kwa desturi huandika jina la mahali, wakiamini mnywaji anajua mbegu inayolimwa pale. Afrika Kusini huandika zaidi jina la zabibu. Kwa hiyo shika neno hili la kwanza: mahali ni kimoja, zabibu ni kingine, na chupa nzuri haikufichi vyote viwili.

Sasa twende Ufaransa kidogo, halafu turudi nyumbani kwa njia ya Dodoma.

Ufaransa ina mto uitwao Loire, mrefu kuliko mito yote ya nchi hiyo, zaidi ya kilomita 1,000, unaoingia katika bahari ya Atlantiki baada ya kupita mji wa Nantes. Kandokando ya mto huo mvinyo mweupe umetengenezwa kwa karne nyingi, na kila kipande cha bonde kina zabibu yake. Karibu na bahari, kwenye mvinyo uitwao Muscadet, zabibu ni Melon de Bourgogne. Iliwekaje mizizi pale? Mwaka 1709 baridi kali iliua mizabibu mingi ya eneo hilo, na wakulima walipopanda upya waliichagua Melon kwa sababu ilikuwa imeistahimili baridi ile. Wafanyabiashara wa Kiholanzi nao waliitaka, maana walihitaji mvinyo mweupe wa kukeneka kuwa pombe kali.

Ukipanda mto hadi mbali na bahari unafika Sancerre na Pouilly-Fumé. Hapo zabibu ya mvinyo mweupe ni Sauvignon Blanc, yenye harufu kali inayowakumbusha wengine majani mabichi yaliyokatwa.

Katikati ya mto, kwenye majimbo ya kale ya Anjou na Touraine, karibu na miji ya Angers na Tours, ndiko kwenye zabibu ya leo. Inaitwa Chenin Blanc. Msikilizaji, litie jina hilo kichwani, kwa sababu utalikuta Dodoma. Chenin Blanc.

Ina nini zabibu hii? Ina jambo moja kubwa: uchachu wake. Zabibu nyingi zikiiva kwenye jua, sukari inapanda na uchachu unapotea, na mvinyo wake unakuwa mzito ulimini, hauchangamshi. Chenin Blanc inaiva, sukari inapanda, na uchachu unabaki. Kwa sababu hiyo mkulima wa Loire hutengeneza mvinyo wa kila namna kwa zabibu hiyo hiyo moja. Kijiji cha Vouvray, jirani na Tours, hutoa mvinyo mkavu, mtamu kiasi, mtamu kabisa, na hata wenye mapovu, vyote kwa Chenin. Savennières, karibu na Angers, inasifika kwa mvinyo mkavu. Na kule Coteaux du Layon huacha zabibu mtini mpaka ukungu fulani uzishike, maji yapungue ndani ya tunda na sukari ibaki imekolea. Wavunaji hupita shamba lile lile mara kadhaa, wakichuma kwa mkono zile tu zilizofikia hali hiyo.

Wachimbaji mnaosikiliza, kuna habari yenu pia. Bonde hilo lina mwamba laini mweupe uitwao tuffeau. Kwa karne nyingi watu waliuchimba ili kujengea makasri ya wafalme na matajiri yaliyojaa kando ya mto. Mawe yalipotoka, yalibaki mashimo na njia za chini kwa chini. Wenyeji hawakuyafukia. Waliingiza humo mapipa na chupa, kwa kuwa chini ya mwamba joto halibadiliki sana, kiangazi wala majira ya baridi, na mvinyo unalala humo miaka bila kuharibika. Machimbo yaliyokwisha mawe yaliendelea kuingiza fedha.

Kabla ya kwenda mbele, tujibu swali ambalo wengi huuliza na wengine huona haya kuuliza: mvinyo unakuwaje mweupe? Kata zabibu nyekundu katikati uitazame. Nyama yake karibu haina rangi, na rangi imekaa kwenye ganda. Mtengenezaji wa mvinyo mwekundu huchachusha maji ya zabibu pamoja na maganda, rangi ikaingia. Wa mvinyo mweupe hukamua kwanza, akatenga maganda, kisha hamira ikafanya kazi kwenye maji peke yake. Hamira inakula sukari na kutoa kilevi. Ikiila sukari karibu yote, mvinyo ni mkavu, ule ambao wahudumu wetu huuita drai. Ikisimamishwa mapema, au utamu ukiongezwa baadaye, mvinyo ni mtamu. Na kwa kuwa rangi imekaa kwenye ganda, hata zabibu nyekundu, Pinot Noir kwa mfano, huweza kutoa Champagne nyeupe. Neno la pili la kushika, basi, ni hili: utamu wa mvinyo hutegemea zaidi mkono wa mtengenezaji kuliko jina la zabibu.

Chenin Blanc ilifikaje Afrika? Ilipita kusini. Mwaka 1655 mlowezi wa Kiholanzi Jan van Riebeeck alipanda mizabibu Rasi ya Tumaini Jema, kuhudumia meli za kampuni aliyoitumikia, na tarehe 2 Februari 1659 aliandika katika shajara yake kwamba mvinyo wa kwanza umekamuliwa. Zabibu nyeupe iliyoenea huko baadaye iliitwa Steen. Vizazi vikapita watu wakiilima bila kujua ni ipi hasa, hadi miaka ya 1960 wataalamu walipoilinganisha na zabibu ya Loire na kuthibitisha kuwa Steen ni Chenin Blanc. Leo Afrika Kusini ina mashamba makubwa ya Chenin kuliko Ufaransa yenyewe. Ukiingia duka la vinywaji la Geita au Kahama ukaona rafu imejaa chupa nyeupe za Afrika Kusini, huenda nyingi zina zabibu hiyo, iwe imeandikwa mbele ya chupa au imenyamaziwa.

Na Dodoma je? Hapa ndipo nyumbani.

Mizabibu ya Dodoma inahusishwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia waliokuwa misheni ya Bihawana katika miaka ya 1950. Hilo halishangazi. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mvinyo wa misa uwe umetoka kwenye tunda la mzabibu, haujaharibika, na mapadri wengi hupendelea mweupe kwa sababu hauachi doa kwenye vitambaa vya altare. Huku Kanda ya Ziwa hitaji hilo ni la zamani zaidi: Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Mfaransa Charles Lavigerie, walifungua misheni ya Bukumbi, jirani na Mwanza, mwaka 1883. Palipo na misa lazima pawe na mvinyo, na wakati huo ulitoka mbali sana.

Zabibu za Dodoma zilitoka misheni zikaingia mashamba ya wananchi. Serikali ilianzisha kituo cha utafiti Makutupora, kaskazini ya jiji la Dodoma, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Zabibu nyekundu iliyoenea zaidi imebeba jina la kituo hicho, Makutupora Nyekundu. Na nyeupe inayotegemewa na viwanda ni ipi? Umeshaijua. Ni Chenin Blanc, ile ile ya Vouvray na Savennières.

Kwa nini ikubali Dodoma? Rudi kwenye uchachu. Dodoma ina jua la kutosha, mvua chache za msimu mmoja, na iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku hupoa. Zabibu inayotunza uchachu wake kwenye joto inafaa mahali kama hapo. Tena kuna jambo ambalo mkulima wa Loire hawezi hata kuliota. Kwake mzabibu hulala wakati wa baridi, na anavuna mara moja kwa mwaka. Dodoma haina theluji, na mzabibu haulazwi na baridi; mkulima ndiye anayeuongoza: anapogoa matawi, mti unachipua, na baada ya miezi kama minne anavuna. Anapogoa tena, anavuna tena. Mavuno mawili kwa mwaka! Ya wakati wa mvua husumbuliwa na magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na ya kiangazi huwa na sukari nzuri zaidi.

Hapo msikilizaji wa Kishapu atauliza: mbona sisi tusilime? Mzabibu hautaki miguu yake ikae majini. Mbuga nyeusi za Shinyanga hushika maji ya mvua kwa siku nyingi, na Geita mvua yake ni nyingi kuliko ya Dodoma, na ukungu hupenda unyevu. Atakayetaka kujaribu kwenye kichanga chenye mteremko aanze kwa kuongea na bwana shamba na wataalamu wa Makutupora kabla ya kununua mche hata mmoja.

Safari ya zabibu ya Dodoma haikuwa nyepesi. Kiwanda cha umma, DOWICO, kilikufa, na wakulima wakabaki na zabibu bila mnunuzi wa uhakika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wawekezaji kutoka Italia walijenga kiwanda cha CETAWICO kule Hombolo. Alko Vintages nao wakaingia mtaani na mvinyo wao uitwao Dompo, ambao vijana wa Shinyanga hawahitaji kuelezwa. Tanzania Distilleries wakauza mvinyo ulioandikwa Dodoma waziwazi. Serikali ikasaidia kwa upande wa kodi: mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo mno ukilinganisha na mwingine.

Hata hivyo, mkulima bado ana shida ile ile. Zabibu iliyoiva haingoji. Siku chache tu inaoza, na kama matangi ya kiwanda yamejaa, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Matangi hayo yatapata nafasi haraka pale tu chupa zitakapotoka haraka dukani, na hapo ndipo wewe msikilizaji wa ukanda wa dhahabu unapoingia.

Tazama ramani. Basi linaloondoka Dodoma asubuhi hupita Manyoni, Singida, Igunga na Nzega, na likafika Shinyanga siku hiyo hiyo. Ukiwa Tinde, unakata kwenda Isaka na Kahama, kisha Geita. Hadi Kahama barabara yote ni ya lami. Reli ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inajengwa kuendelea kuelekea Tabora na Isaka. Inapitia kituo cha Makutupora, ila hiyo ni Makutupora ya Manyoni, mkoani Singida, usije ukashuka hapo kutafuta zabibu. Na wanunuzi wapo huku. Kuna wafanyakazi wa mgodi wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, kuna wenye maduara ya dhahabu na wachenjuaji, kuna hoteli na kumbi za Katoro zisizolala. Iweje chupa ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema iwe rahisi kupatikana hapa kuliko ya Hombolo?

Sababu ya kwanza ni uzoefu wa zaidi ya miaka 350 walionao wenzetu wa kusini, pamoja na viwanda vikubwa. Sababu ya pili iko kwetu wanywaji. Tumezoea utamu. Mteja anaagiza mvinyo mtamu, mwenye duka analeta mtamu, kiwanda kinatengeneza mtamu, na kwenye utamu mwingi Chenin Blanc haisikiki tena. Ule uchachu ulioifanya ipandwe Dodoma unafunikwa. Mwenye kutaka kuijua zabibu hii na aonje mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma, tena uliopoa.

Uliopoa, msikilizaji! Hapa maduka yetu yanakosea sana. Chupa inawekwa dirishani ipate kuonekana, jua la saa nane linaipiga, wiki inapita, mwezi unapita. Jua na joto huharibu mvinyo, mweupe hasa. Rangi inageuka kahawia, harufu inakuwa ya tunda lililooza. Mwenye duka, toa chupa dirishani. Iweke ndani, penye giza na ubaridi, na mweupe uingie kwenye friji saa chache kabla ya kunywewa. Mnunuzi nawe, kagua stempu ya TRA kwenye chupa, soma lebo uone zabibu gani na imetoka wapi. Ukishafungua, funika, rudisha kwenye friji, maliza ndani ya siku mbili tatu.

Na uunywe na nini? Sato wa Ziwa Victoria aliyekaangwa, akakamuliwa ndimu. Uchachu wa Chenin unakata mafuta ya samaki kama ndimu ile. Hata dagaa wa Mwanza waliokaangwa na pilipili kidogo hawatakulaumu.

Neno la tatu, na hili lisikilizwe na vijana: kiasi. Mvinyo unaonekana mpole, lakini ni pombe. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya viroba, na machimboni hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Mvinyo hauna ukali ule, ila hesabu yake ni hii: chupa ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 13 ina kilevi kinachokaribia cha chupa nne za bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Chupa moja, bia nne. Anayeendesha bodaboda, anayeshuka duarani, mama mjamzito, na aliye chini ya miaka 18, mazungumzo haya yawe ya kujua tu. Migodi mikubwa nayo hupima kilevi langoni, na kipimo hakitakuuliza kama ulikunywa bia au Chenin Blanc.

Basi turudie, kwa aliyechelewa kufungua redio. La kwanza, mahali ni kimoja na zabibu ni kingine: Vouvray ni kijiji, Chenin Blanc ni zabibu. La pili, utamu ni kazi ya mtengenezaji, na mvinyo mweupe wa Dodoma unastahili kuonjwa ukiwa mkavu. La tatu, kiasi.

Na ombi la leo ni kwa watu wa makundi matatu. Viwanda vya Dodoma, kila mwaka Geita inaandaa maonesho ya teknolojia ya madini kwenye viwanja vya Bombambili, watu wanafurika. Njooni na meza yenu, onjesheni watu mvinyo wenu mkavu. Wenye hoteli na kumbi za Kahama, Geita na Shinyanga, wekeni angalau chupa moja nyeupe ya Dodoma kwenye orodha yenu, na muandike jina la zabibu. Nanyi wanakamati wa harusi, mtakapokaa kikao kijacho cha vinywaji, mwulizeni mwenye duka maswali mawili kabla ya kulipa: zabibu gani, na imelimwa wapi? Akishindwa kujibu, mwambieni apige simu Dodoma.